Taa za Babu na Sauti ya Bibi

Wiyoni, Lamu
Jumapili, 8 Februari 2026

Mpendwa Bi Umulkheir,

Assalaam alaykum. Naahidi tangu mstari huu wa kwanza kwamba nitakueleza yote kama yalivyo, bila kupunguza na bila kutia chumvi, hata pale ambapo ukweli utanionyesha kuwa mwoga, kwa sababu nimekusikia redioni ukiwaambia watu kwamba anayemficha mganga nusu ya ugonjwa asitarajie dawa nzima, na mimi nahitaji dawa nzima, tena kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Ukiisoma barua hii hewani, naomba majina uyabadilishe.

Naitwa Raihana, nasoma kidato cha tatu. Baba yangu, Bwana Haidar, ana ofisi ndogo katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, ambako huwachapishia watu kadi za arusi, huwajazia maombi ya vyuo na ya vitambulisho mtandaoni, na kila mwaka kabla ya mfungo huchapisha ratiba ya daku na futari ambayo utaiona imebandikwa jikoni kwa watu kutoka hapa Wiyoni mpaka mjini. Riziki yetu yote hupitia kwenye kompyuta moja, na kompyuta hiyo ndiyo sababu ya barua hii.

Si kompyuta kama zile za shuleni kwetu. Kaka yangu Mahir, anayefanya kazi Mombasa, aliinunua kwa kijana aliyekuwa akiichezea michezo, akatuletea, na ubavu wake mmoja ni wa kioo, na ndani yake mna feni zinazozunguka huku zikiwaka rangi, nyekundu ikiyeyuka kuwa zambarau, zambarau ikawa samawati, samawati ikawa kijani, hata kibodi yake inawaka chini ya kila herufi. Siku ilipowashwa kwa mara ya kwanza mama alivuta pumzi akasema subhanallah, na mimi nilisimama nikiwa na bakuli la maji mkononi nikasahau nilikuwa nikilipeleka wapi.

Lakini ajabu yenyewe haikuwa hiyo. Babu yangu Mahdi, baba yake baba, anaishi nasi, na macho yake yamezibwa na presha ya macho, daktari alisema kilichokwisha potea hakirudi, na kwa muda mrefu alikuwa hatuambii kuwa ameona chochote isipokuwa weupe wa mlango ukifunguliwa. Siku ile alikuwa ameketi nyuma yetu, na katikati ya ule mshangao akauliza, "Haidar, nini hicho kiwakacho?" Tukageuka sote. Baba akamwuliza anaona nini. Babu akanyoosha kidole, si pembeni wala karibu na kompyuta, bali pale pale penye kioo, akasema, "Kijani." Ilikuwa kijani. Akangoja kidogo akasema, "Sasa yageuka samawati." Ikageuka.

Tangu siku hiyo kiti chake kimewekwa kando ya mashine, na watu wakija ofisini yeye huwatangazia rangi kama mtu anayetangaza nyakati za swala, na mtu akimwuliza kwa nini haendi kuketi barazani na wenzake hujibu, "Huko wana hadithi. Mato yangu yaona hii tu." Macho yeye huyaita mato, kwa Kiamu chake cha zamani.

Sasa nikueleze kuhusu bibi yangu. Bi Mwanamkisi alizaliwa Chundwa, kisiwani Pate, na alikuwa msusi wa mikeka, akatuacha baada ya Idi kubwa iliyopita, Mungu amrehemu. Kwa miaka kadhaa baba alikuwa akimrekodi kwa simu, nyimbo alizoimba akisuka ukili, ule mkanda mwembamba wa majani ya mkindu unaoshonwa kuwa mkeka, na majina ya kila aina ya msuko ambayo siku hizi hata wasusi wengine hawayajui, na visa vya Chundwa ya utotoni mwake, na mara nyingine ni mazungumzo tu ya nyumbani, kikombe kinagonga sahani, punda analia kichochoroni, naye anacheka. Simu ile ilianguka majini pale gatini Mokowe baba alipokuwa akipanda boti, lakini kwa bahati alikuwa amekwisha hamishia sauti zote kwenye kompyuta, akaziweka katika folda moja aliyoiandika kwa herufi kubwa KUMBUKUMBU.

Babu hajui kwamba sauti hizi zipo. Baba alisema asiambiwe kwanza kwa sababu moyo wake haujapoa, nasi tukatii, na mimi huzisikiliza kwa waya za masikioni.

Basi miezi michache iliyopita mashine ikaanza kuchoka. Asubuhi ni nyepesi, ikifika adhuhuri inakokota, ikifika alasiri unabonyeza herufi na herufi haitokei, mteja amesimama, mtandao umeganda katikati ya maombi ya chuo ambayo siku yake ya mwisho ni leo. Na baba, Bi Umulkheir, ni mtu anayekipenda Kiswahili, alikuwa ameigeuza lugha ya mashine nzima akisema kwamba kinachokaa Lamu na kiseme Kiswahili, kwa hiyo mashine ilipoanza kulalamika ililalamika kwa Kiswahili. Kiliruka kisanduku kidogo kimeandikwa hivi, nakunakilia neno kwa neno: "Kumbukumbu ya kompyuta inakaribia kujaa. Hifadhi kazi yako, kisha funga programu zilizo wazi." Baba akausoma mstari wa kwanza, akakiondoa kisanduku, akaitazama ile folda yenye jina KUMBUKUMBU, akaona ndiyo iliyojaa.

Siku kadhaa akavumilia. Kisha akajaribu kuzinakili sauti kwenye flashi, mashine ikakwama katikati, akaona hata njia hiyo imefungwa. Mwisho akafuta sauti chache za Bibi, akaizima mashine na kuiwasha tena, na mashine ikaenda kama siku ya kwanza, upesi, laini, na baba badala ya kufurahi akakaa na mikono magotini akasema, "Basi ni kweli." Kesho yake alasiri ikachoka tena. Akafuta nyingine, akazima, akawasha, ikapona tena. Sasa ameamua kwamba Ijumaa hii baada ya swala atafuta zote zilizobaki, abakishe moja tu, ili mashine iwe nyepesi kwa kazi ya ratiba za Ramadhani. Alimweleza mama jikoni. Alisema, "Sauti ya mama ni amana, lakini na watoto ni amana." Mama akaendelea kukuna nazi.

Mimi nilihisi kwamba hapa pana kosa, ila sikujua liko wapi. Shuleni mwalimu wetu wa kompyuta alitufundisha kubonyeza vitufe vitatu kwa pamoja ili ufunguke ukurasa unaoonyesha kila programu na kiasi cha kumbukumbu inachotumia. Alasiri moja nikaufungua. Programu ya kadi za arusi ilikuwa na sehemu ndogo, ya mtandao imeizidi kidogo, na juu ya zote, bila kuonekana popote kwenye skrini, bila dirisha, bila mlio, palikuwa na programu ya kuendesha taa, nayo peke yake ilikuwa imekula zaidi ya nusu ya kumbukumbu yote. Nilidhani nimesoma vibaya. Nikakaa nikaitazama, na namba yake ilikuwa inapanda, taratibu, haishuki kamwe, kama maji ya bamvua yanavyopanda ngazi za gati bila mtu kuyaona yakitembea.

Siwezi kukueleza jinsi nilivyostaajabu. Nuru haina uzito, ukifungua dirisha chumba hakijai jua hata viti vikakosa nafasi, na hapa nuru imejaza mahali mpaka mashine haiwezi kuandika jina la mtu. Niliona kama nimefunguliwa pazia nikaonyeshwa kitu ambacho watu wazima wote wa nyumba ile walikuwa wakiketi mbele yake bila kukiona, na badala ya kufurahi niliogopa.

Nikamwambia baba siku hiyo hiyo, ofisi ikiwa na watu.

"Baba, naona kama ni taa."

"Taa zimefanya nini?"

"Zinakula kumbukumbu."

Akacheka, si kwa ubaya. "Taa zala umeme, mwanangu. Kumbukumbu huliwa na uzee."

Bwana Badawi, ambaye alikuwa anangoja kadi za arusi ya mwanawe, akadakia, "Basi mashine hii ina uzee na ujana kwa pamoja. Yavaa kama bi arusi, na kazi yafanya kama bi arusi, yaketi tu itazamwe."

Watu wakacheka, Babu akacheka kuliko wote, nami nikaingia ndani. Mama akaniambia yeye mambo ya mashine hayajui, ila anajua baba yangu akishacheka mbele za watu harudi nyuma mbele za watu. Nikaazima simu yake nikampigia kaka Mahir.

"Rai, wacha hiyo kitu kabisa," akasema. "Hiyo programu ndiyo bosi wa taa zote. Ukiifunga, giza."

"Na nikiiacha?"

"Ukiiacha si ndiyo hivyo. Mwambie mzee apunguze vitu, amejaza mafaili mob."

Giza, Bi Umulkheir. Neno hilo ndilo limenifunga mdomo. Kwani siku iliyofuata baba alikuwa amekwenda msikitini kwa swala ya alasiri, ofisini tulikuwa wawili tu, Babu kitini kwake na mimi mezani, na nilikuwa nimevaa waya za masikioni nikimsikiliza Bibi kwa hofu kwamba huenda ni mara ya mwisho. Ilikuwa ile sauti ya nyumbani, hana habari kuwa anarekodiwa, na masikioni mwangu akaita, "Ndoo, bwana. Ndoo, kahawa yapowa." Ndoo kwa Kiamu ni njoo, alikuwa akimwita Babu. Na wakati ule ule Babu, aliye karibu nami hata mkono wangu ungemfikia, uso wake umeelekea kwenye kioo, akasema kwa furaha kabisa, "Sasa imekuwa zambarau." Mke anaita na mume anasema, na katikati yao nipo mimi, na yeye hasikii na mwenziwe hayupo. Nikavua waya za masikioni. Nilihisi nimekalia siri iliyo kubwa kuliko nyumba yetu.

Sasa ona nilivyokwama. Nikiifunga programu ya taa, huenda mashine ikapona na sauti za Bibi zikasalimika, lakini Babu atapoteza kitu pekee ambacho macho yake yanakiona hapa duniani. Nikiiacha, Babu atabaki na rangi zake, na Ijumaa sauti ya mkewe itafutwa kabla hajajua kwamba ilikuwapo. Yote mawili ni yake, na mimi ndiye ninayechagua nimnyang'anye lipi. Kumpinga baba mara ya pili naona ni utovu wa adabu, kwa kuwa yeye ni msomi na mimi ni mtoto. Kunyamaza naona ni vibaya zaidi. Kila siku nikitoka shuleni nafungua ule ukurasa, naitazama namba ikipanda, nafunga.

Lakini lipo tumaini moja dogo ambalo sijamwambia mtu. Nimelifikiria lile neno. Bibi mwenyewe alikuwa akisema kwamba neno moja laweza kuwa na nyumba mbili, na sijui kama mashine nayo ina nyumba mbili ndani yake. Kwa hiyo nakuomba unijibu mara tu barua hii ikufikiapo, usingoje zamu yake, kwa sababu Ijumaa haingoji: ile kumbukumbu ambayo mashine inasema imejaa, na kumbukumbu za Bibi, je, ni kitu kimoja au ni vitu viwili?

Ni mimi,
Raihana

*

Mwanangu Raihana,

Waalaykumu ssalaam. Ni vitu viwili.

Nimelitanguliza jibu kwa sababu umengoja vya kutosha, na barua yako nimeipitisha mbele ya waume na wake kadhaa ambao ugomvi wao umekaa miaka na unaweza kukaa wiki moja zaidi. Majina nimeyabadilisha kama ulivyoomba, hata hili la Raihana, ingawa Lamu ni mji mdogo na kompyuta inayowaka rangi saba sidhani kama ziko nyingi. Baba yako akiwa anasikiliza, basi na asikilize, hakuna atakaloaibika nalo.

Mimi ni mshauri wa nyoyo, na hakuna moyo uliowahi kunionyesha asilimia. Kwa hiyo nimekwenda kwa Ghada, fundi wa mitambo yetu hapa studioni, nikamsomea barua yako. Hakunikawiza.

"Hiyo programu inavuja," akasema.

"Inavuja nini?"

"Kumbukumbu. Inachukua, hairudishi. Programu nyingine ikimaliza haja yake huachia nafasi. Hii kila ikibadilisha rangi inachota kidogo, inasahau kuachia. Mpaka alasiri imechota kisima."

Nikamwuliza kuhusu sauti za bibi yako. Akasema hizo hazimo kabisa katika habari hii, na akanieleza kwa maneno ya kifundi ambayo nitakugeuzia kwa ya nyumbani kwenu. Bibi yako alikuwa msusi. Ukili aliokuwa akiusuka ulilala mapajani pake, na mikeka aliyokwisha kuishona ilikunjwa ikawekwa darini. Kumbukumbu ambayo mashine inalalamikia ni mapaja. Folda ya baba yako imo darini. Mapaja yakijaa, Raihana, hakuna msusi anayepanda darini kuchoma mikeka.

Unauliza mbona baba yako alipofuta mashine ilipona. Haikuponywa na kufuta. Iliponywa na kule kuzimwa na kuwashwa, ambako humwaga kila kilicho mapajani, taa na yote, ikaanza upya. Angeizima bila kufuta hata sauti moja ingepona vile vile. Alipata nafuu kwa usingizi akaisifu sumu. Usimlaumu. Ni mtu aliyekuwa anakata nyama yake mwenyewe ili nyinyi mle, na kosa lake ni kwamba analipenda neno la kwao hata akaliamini kabla ya kulimaliza.

Lakini wewe nitakulaumu kidogo. Umeninukulia ujumbe wa mashine neno kwa neno, mwandiko mzuri, nukta mahali pake, na hukuusoma. Hifadhi kazi yako, funga programu. Neno futa umeliona wapi hapo? Mashine yenyewe iliwaambia mhifadhi, nanyi mkaanza kufuta. Kisha umekaa siku baada ya siku ukiitazama namba ikipanda, ukistaajabu. Kustaajabu kwako kumenipendeza, sijapata kuandikiwa barua kama hii na sitaisahau, na Mwenyezi Mungu akudumishie jicho hilo. Ila mtu akiona maji yanapanda ngazi, baada ya kusema subhanallah huondoa viatu vyake.

Na hiyo adabu unayoisema, tuitazame vizuri. Ulimwambia baba yako sentensi moja, mbele ya wateja, tena sentensi inayochekesha. Mzazi hasahihishwi mbele ya Bwana Badawi. Mngoje asubuhi kabla mlango wa ofisi haujafunguliwa, mpelekee chai, umwambie, "Baba, nipe nafasi nikuonyeshe kitu, kisha uamue wewe." Usimweleze. Mfungulie ule ukurasa wako wa vitufe vitatu, mwonyeshe programu ya taa, ukae kimya, umwache aitazame namba ikipanda kwa macho yake. Msomi hushawishika na anachokisoma mwenyewe. Kisha ifunge programu hiyo mbele yake aone nafasi inavyorudi, na folda ya mama yake ingali palepale, haikuguswa.

Kabla ya hapo, leo hii, kuna jambo la haraka kuliko yote. Sauti alizokwisha futa huenda hazijaondoka. Ghada anasema kompyuta huviweka vilivyofutwa kwenye kapu la taka, na vinakaa humo mpaka mtu alimwage. Mtu yeyote asilimwage. Lifungue, utafute sauti za bibi yako, uzirudishe. Zisipokuwamo, basi umejua, na usikae ukalia mbele ya baba yako. Kisha mwombe ruhusa uizime mashine na kuiwasha, na papo hapo, ingali nyepesi, mnakili folda nzima kwenye flashi. Haitakwama. Nakala ya pili mpelekeeni Mahir huko Mombasa, afanye kazi ya maana badala ya kutisha watoto kwa simu.

Maana hilo giza lake si la hakika. Ghada anasema taa hupata umeme kutoka kwenye mashine, si kwenye programu. Programu huamrisha rangi tu. Kwa mashine nyingi ukiifunga, taa hubaki na rangi ya mwisho au huanza kuzunguka rangi zake zenyewe zilizotoka nazo kiwandani. Huenda ya kwenu ikawa tofauti, nami siwezi kukuapia kitu ambacho sijakiona. Ijaribu. Zikizima, ifungue tena, zitawaka, hakuna kitu kitakachovunjika. Ikiwa kweli haziwezi kuwaka bila programu hiyo, mwambie kaka yako akutafutie toleo jipya lake, kwa kuwa uvujaji kama huu mara nyingi watengenezaji huuziba baadaye. Na hilo nalo likishindikana, basi muifunge na kuifungua upya kila adhuhuri ofisi ikifungwa kwa swala, na Babu atavumilia giza la muda wa kuhesabu vidole. Hakuna mtu anayepaswa kunyang'anywa kitu hapa. Ulikuwa umesimama katikati ya milango miwili, yote miwili iko wazi, nawe unalia uchague upi ufungwe.

Sasa nifike penye kosa kubwa, na hapa nasema nanyi nyote wa nyumba hiyo, si wewe peke yako. Mmekaa mkimpangia babu yenu. Baba yako ameamua asijue, mama yako amenyamaza, na wewe ulikuwa tayari kuchagua kwa niaba yake kati ya nuru na sauti, kwa mapenzi, najua, lakini hukumwuliza hata mara moja. Mzee Mahdi amepofuka macho. Akili hajapofuka, na moyo hajapofuka. Mnasema moyo wake haujapoa. Nani aliwaambia anataka upoe? Kuna wajane wangapi wanaonisikiliza sasa hivi ambao wangetoa kila walicho nacho wasikie kikohozi tu cha waliowatangulia, na nyinyi mnacho kicheko kizima darini, mmekifungia. Sauti ya yule mama ni haki ya mumewe kabla ya kuwa amana ya mwanawe. Huenda akasema hataki kuisikia, na hilo nalo ni lake kulisema.

Kwa hiyo fanya hivi. Ukishamaliza na baba yako, na nakala zikiwa salama sehemu mbili, mwombe yeye mwenyewe ndiye amwambie babu yako kwamba zipo, kwa kuwa ni mwana na ndiye aliyezirekodi, si kazi ya mjukuu. Usimshtukize mzee kwa sauti. Aambiwe kwanza, apewe muda wa kukaa na habari hiyo, aulizwe kama yuko tayari na siku gani. Akisema ndiyo, chagueni alasiri ambayo ofisi haina mteja, muache taa ziwake, muweke kiti chake pale pale anapopapenda. Usimvalishe waya za masikioni, mwache amsikie mkewe ndani ya chumba kama watu wanavyosikiana. Bonyeza sauti ianze, uhakikishe inatoka sawasawa, kisha toka wewe na baba yako, na mrudishe mlango nyuma yenu.